Taa ya ABS ingali inawaka? Usimlaumu muuza spea kwanza

Tuseme una Volkswagen Golf ya kizazi cha tano, zile zilizoanza kutoka mwaka wa 2003. Asubuhi moja taa ya manjano yenye herufi ABS inawaka kwenye dashibodi na inakataa kuzimika. Fundi anapima na kukwambia kompyuta ya breki imekufa. Unakwenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, unapata nyingine iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, inafungwa. Lo! Taa ingali inawaka. Je, umeuziwa kitu kibovu?

Huenda sivyo. Kompyuta hiyo bado inadhani iko katika gari la zamani. Ndani yake mna msimbo, yaani mfululizo wa tarakimu unaoieleza aina ya gari na vifaa lililofungwa. Msimbo usipolingana na gari lako, itaendelea kulalamika.

Msimbo huandikwa upya kwa kifaa cha uchunguzi kinachochomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Fundi anayeijua kazi huanza kabla hajalegeza hata skrubu moja: husoma msimbo wa kompyuta ya zamani, ikiwa bado inajibu, na kuuandika kwenye karatasi. Kisha hulinganisha namba za spea zilizo kwenye vibandiko, kwa kuwa kompyuta mbili zinaweza kufanana kwa sura tu. Betri nayo iwe na nguvu ya kutosha, kwani umeme ukishuka katikati ya kazi, matatizo huzidi.

Hapo kazi bado haijaisha. Kwa magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza, sensa ya usukani hupimwa upya, gari likiwa mahali tambarare na usukani umenyooka. Na kama sehemu inayopita mafuta ya breki ilibadilishwa pia, hewa sharti itolewe kwenye mabomba.

Kuna mafundi watakaokuambia, "Mzee, tuifunike tu hii taa, breki zinashika." Ni kweli zinashika. Lakini kazi ya ABS ni kulegeza na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasijifunge. Bila hiyo, ukikanyaga kwa nguvu barabarani kwenye mvua, magurudumu hujifunga na gari huenda moja kwa moja hata ukikata usukani, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ile ya manjano, usiliendeshe kabisa. Liite gari la kuvuta.

Siku ya kulichukua, washa swichi kabla hujatoa pochi. Taa ya ABS inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izimike yenyewe. Isipowaka hata kidogo, muulize fundi ameifunika na nini.