VIJIDUDU VILIPOTOA USHAHIDI: KIPINDUPINDU CHA HAITI



Kipindupindu kinapoingia katika kambi za mashamba au mitaa ya wafanyakazi, mara nyingi neno la kwanza kusikika ni kwamba watu wa huko ni wachafu. Maji yametoka wapi, na choo cha nani kimemwaga mtoni, hayo hayaulizwi. Wakulima wa Haiti waliuliza, na sayansi ikaja kuonyesha kwamba walikuwa na haki ya kuuliza.

Haiti ni nchi ndogo katika visiwa vya Karibi. Tarehe 12 Januari 2010 ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi lililobomoa mji mkuu, Port-au-Prince. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kilizuka, nacho hakikuanzia katika mahema ya waliobomolewa nyumba. Kilianzia mashambani, kando ya mto Artibonite, kwenye bonde linalolimwa mpunga kwa wingi. Watu walikunywa maji ya mto na ya mifereji wakiwa kazini. Walishikwa na kuhara na kutapika, na wengine walikufa siku ile ile. Hapakuwa na kumbukumbu ya ugonjwa huo nchini humo kwa muda wa miaka mia moja.

Wenyeji wa wilaya ya Mirebalais hawakukaa kimya. Karibu na kijiji cha Meille, kando ya kijito kinachoingia Artibonite, palikuwa na kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mwezi huo huo kikosi kipya kilikuwa kimewasili kutoka Nepal, nchi iliyokuwa imepatwa na kipindupindu mwaka ule. Mpango wa vyoo vya kambi haukuweza kuzuia uchafu usifike kijitoni. Wananchi walisema hivyo waziwazi, lakini wakubwa wakakana.

Hapo ndipo kazi ya wataalamu ilipoanza. Kila kijidudu hubeba ndani yake maagizo ya urithi, yaliyoandikwa kana kwamba ni kwa herufi nne tu. Maagizo hayo yote kwa jumla huitwa jenomu. Jenomu ya kijidudu cha kipindupindu ina herufi zipatazo milioni 4, na ilisomwa nzima kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Kijidudu kinapozaana, maagizo hayo hunakiliwa. Mara chache herufi moja hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na vizazi vinavyofuata.

Mfikirie karani anayenakili orodha ya mishahara. Akikosea jina moja, kila nakala itakayotolewa kwenye karatasi yake itakuwa na kosa lile lile. Ukilikuta kosa hilo katika ofisi mbili zilizo mbali, utajua kwamba karatasi zake zina asili moja.

Mwaka 2011 wataalamu walisoma jenomu za vijidudu 24 kutoka kwa wagonjwa wa Nepal, wakazilinganisha na za Haiti. Vitatu vya Nepal vilikaribia kuwa sawa kabisa na vitatu vya Haiti. Tofauti ilikuwa herufi moja au mbili tu. Ushahidi huo peke yake hautaji kambi wala mtu. Lakini ulipowekwa pamoja na habari za mahali wagonjwa wa kwanza walipoishi, na njia ya maji yenyewe, ukanaji ukakosa pa kusimama.

Hata hivyo, mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulikataa madai ya fidia. Ni mwaka 2016 tu ndipo ulipokiri kuhusika, na tarehe 1 Desemba Katibu Mkuu Ban Ki-moon akawaomba radhi wananchi wa Haiti. Watu karibu 10,000 walikuwa wamekwisha kufa, na waliougua walikuwa wapata 800,000. Mpango wa msaada wa dola milioni 400 ulitangazwa, lakini nchi wanachama zilichanga sehemu ndogo tu.

Habari hizi zinatuhusu na sisi. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kusoma jenomu za vijidudu 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika. Walikuta kwamba tangu mwaka 1970 kipindupindu kimeingizwa barani humu si chini ya mara 11, na kwamba asili yake ni Asia. Ugonjwa huu husafiri na binadamu, kisha hukaa palipo na maji machafu.

Ndugu, mashine ya kusoma jenomu haichimbi choo wala haivuti bomba la maji. Inaweza kuonyesha kosa lilipotoka. Kulirekebisha ni kazi ya watu. Basi tawi lako liulize leo, kabla hajaugua mtu: maji ya kunywa kazini yanatoka wapi? Yamepimwa lini? Vyoo vya kambi na vya nyumba za wakubwa vinamwaga wapi? Majibu yatakiwe kwa maandishi, nayo yahifadhiwe. Watu wa Meille waliona kwa macho yao, wakangoja miaka sita kusikia neno la radhi.

Maji safi ni haki ya mfanyakazi.