Duka la Dawa la Familia ya Stewart, Toledo

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Mweusi aitwaye Ella Phillips alifiwa na binti yake mdogo kwa ugonjwa wa kifaduro. Enzi hizo hapakuwa na dawa za kuua bakteria kama tulizo nazo leo, na chanjo ya ugonjwa huo ilikuwa haijaenea.

Baada ya msiba huo, Ella alipata kazi ya kutunza hesabu katika duka la dawa mjini Pittsburgh, na hapo akavutiwa na taaluma ya famasia. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambako alitengwa na wanafunzi wenzake kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo, mwaka 1916 alihitimu, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kumaliza masomo ya famasia chuoni hapo, kisha akafaulu mtihani wa leseni.

Mwaka 1922 yeye na mumewe, William Stewart, ambaye naye alikuwa mfamasia, walifungua duka lao mjini Toledo, katika jimbo la Ohio. Lilikuwa duka la kwanza la dawa kumilikiwa na Weusi katika mji huo. Zama hizo dawa nyingi zilitengenezwa dukani: mfamasia alisaga, akapima kwa mizani na kuchanganya kwa mkono wake kwa kufuata cheti cha daktari. Mgonjwa hakuwa na njia ya kuhakiki kilichomo ndani ya chupa. Ilimlazimu kumwamini aliyeitayarisha.

Familia iliishi ghorofani, juu ya duka. Kwa kuwa hoteli nyingi ziliwakataa Weusi, wageni mashuhuri kama Mary McLeod Bethune, W.E.B. Du Bois na mwimbaji Marian Anderson walipokewa humo.

Duka liliuzwa mwaka 1945. Mwaka 1961 shule ya msingi mjini Toledo ilipewa jina la Ella Stewart, naye akafariki mwaka 1987.

Ugonjwa uliomwua binti yake sasa unazuilika. Nchini Tanzania, chanjo ya kifaduro hutolewa bila malipo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi aliyekosa dozi moja asione haya kurudi kliniki. Na mhudumu atakayempokea asianze kwa kumkaripia.