Hesabu ya kipindupindu: mgonjwa mmoja huambukiza wangapi?

Kipindupindu kinapoingia mjini, hasa kwetu tunaoishi kandokando ya Mto Mirongo, maneno haya husikika: "Mimi nachemsha maji, lakini jirani hachemshi, na uchafu wa choo chake unaingia mtoni. Kuchemsha kwangu kuna faida gani?" Anayesema hivyo amekata tamaa. Mwezi huu tunapenda kumjibu, na jibu linatoka katika somo ambalo wengi wetu tulilikimbia shuleni, yaani hesabu.

Mpaka ni namba moja

Tuchukue mfano. Mgonjwa mmoja anaambukiza watu wawili, na kila mmoja wao anaambukiza wawili wengine. Tunapata 2, 4, 8, 16. Katika hatua ya kumi wagonjwa wapya ni 1,024.

Sasa tuseme familia nyingi, ingawa si zote, zimeanza kuchemsha maji na kunawa mikono kwa sabuni, hata wagonjwa 10 wakaambukiza watu 8 tu. Wagonjwa 100 wataleta wapya 80, hao 80 wataleta 64, kisha 51, kisha 41. Ugonjwa unazimika kama moto uliokosa kuni, ijapokuwa wapo majirani ambao hawajabadilika.

Basi kila mgonjwa akiambukiza zaidi ya mtu mmoja, ugonjwa unakua. Akiambukiza chini ya mmoja, unakwisha.

Waliogundua hesabu hii

Daktari Ronald Ross, Mwingereza, aligundua mwaka 1897 kwamba mbu hubeba vijidudu vya malaria. Wako waliodai kuwa kupambana na mbu ni kazi bure, kwa kuwa haiwezekani kuwamaliza wote. Ross aliwajibu kwa hesabu: si lazima wamalizike, yatosha wapunguzwe chini ya kiwango fulani, na malaria itatoweka.

Mwaka 1927, huko Scotland, William Kermack na Anderson McKendrick waliiendeleza kazi hiyo. Kermack alikuwa kipofu, kwani alipoteza macho mwaka 1924 katika ajali ya maabara. Waliwagawa watu katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliokwisha kutoka katika ugonjwa kwa kupona au kufa. Kisha wakauliza: watu wanahama fungu hadi fungu kwa kasi gani?

Mashua ya tanga inayokwenda Ukerewe hubadili mwendo kila upepo unapobadilika. Ukijua kasi yake katika kila kitambo kidogo, ukajumlisha vitambo vyote, utajua imefika wapi. Hesabu ya namna hiyo huitwa kalkulasi. Mlipuko wa ugonjwa nao hubadili mwendo. Wagonjwa wakiongezeka, unakimbia. Wanaoweza kuambukizwa wakipungua, unachoka. Kwa njia hiyo wataalamu hukadiria wagonjwa watakaokuja, na dawa na vitanda vitakavyohitajika.

Faida yake nyumbani

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikafika Mwanza na mikoa mingine mingi. Hadi katikati ya mwaka 2016 watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua nchini. Hesabu hii inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, kila njia inayofungwa inahesabiwa. Maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, choo kinachotumika vizuri, sabuni, na chakula cha moto hupunguza ile namba. Tusimsubiri jirani ndipo tuanze.

Pili, tusifiche mgonjwa. Siku chache za mwanzo ndizo zinazogeuza wawili kuwa kumi na sita. Tena mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa katika saa chache kwa kukaukiwa maji mwilini. Anywe maji ya chumvi na sukari njiani kuelekea kituo cha afya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Tatu, tupeleke watoto chanjo. Mahali pasipo na chanjo, mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu 12 hadi 18. Ili kuishusha namba hiyo chini ya moja, watoto 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe wamechanjwa mara mbili, yaani wakiwa na miezi 9 na miezi 18. Mtoto wako akichanjwa, anamkinga pia kichanga wa jirani ambaye umri wake wa chanjo haujafika.

Kaini aliuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Sisi wa Mirongo tunaotumia mto mmoja na ziwa moja tunalijua jibu. Leo jioni, kabla ya kulala, tuteleke sufuria ya maji ya kunywa, nayo yachemke kweli.