Nyamaza Kwanza, Kabla ya Kuokota Jiwe

Ndugu msomaji, keti kidogo. Kama uko kwa mgodi huko Manguredjipa, weka nyundo chini. Kama uko Butembo sokoni, wateja watangoja dakika mbili.

Unajua namna tunaishi. Tangu mauaji ya Beni kuanza Oktoba 2014, kila uso mgeni unatutia woga. Wasafiri wanaosema Kinyarwanda, waliopita hapa wakielekea Ituri, walishukiwa, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Kisha Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Uvumi ulikimbia kupita ugonjwa wenyewe. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Mimi pia nilikosa. Mwaka ule nilisikia kwamba jirani mmoja, mhamiaji, ndiye aliyeleta ugonjwa kwa mtaa wetu. Nilipitisha habari kwa watu wawili hata kabla ya chai. Jioni watoto wake walifukuzwa kwa bomba la maji, ndoo tupu kichwani.

Soma Yohana sura ya 8. Watu wameshika mawe, mwanamke amesimama katikati, na Yesu anainama, anaandika chini kwa kidole. Hakujibu mbio. Nami sasa, uvumi ukifika, ninakaa, ninapumua polepole mbele za Mungu, ninajiuliza: Ninaogopa nini? Nani ameona kwa macho yake? Huyu mtu jina lake nani? Hilo la tatu ndilo gumu. Mara nyingi jina silijui.

Utasema: "Pasta, unatulaza usingizi! Watu wanachinjwa, wewe unasema tupumue?" Una haki kuuliza. Nitajibu kwa mfano wa Mkatoliki, wazee wa kanisa langu watanisamehe. Emmanuel Kataliko alikuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu. Kwa Noeli ya 1999 aliandika barua kushitaki uporaji na dhuluma ya vita. Februari 2000 wakubwa wa RCD wakamfukuza mpaka Butembo. Alikaa hapa miezi saba, akarudi Bukavu Septemba, akafa Roma tarehe 4 Oktoba 2000. Mtu wa sala kama huyu, nani atasema alilala?

Kwetu, siku ya Alhamisi, tunakaa kimya pamoja dakika 10: Wanande, Wapere, na watu waliotoka Bwisha. Kisha kila mtu anasema woga wake, bila kukatizwa. Mara ya kwanza vijana walicheka sana.

Mara ya nne yule jirani wa bomba alikuja. Nikasimama mbele ya wote, nikasema ile habari ya 2019 mimi ndiye niliyeipitisha. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Pasta, wewe nani alikuambia?"

Nilitafuta, nikatafuta. Sikukumbuka.