Maua ya saloni yana nguvu, lakini si mboga



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja alituonyesha ua la saloni yake. Akauliza: «Nimesikia majani haya yana antioksidanti. Niyachemshe watoto wanywe?» Ua lenyewe lilikuwa difenbakia, lile lenye shina nene na majani mapana ya kijani yenye madoa meupe. Tulishtuka, na ndiyo sababu tunaandika.

Antioksidanti ni nini? Kata avoka uiache mezani: inageuka nyeusi kwa sababu ya hewa. Ikamulie limao: inachelewa kugeuka. Vitamini C ya limao ni antioksidanti, yaani inapunguza uharibifu unaoletwa na oksijeni. Mwilini mwetu pia kuna uharibifu wa namna hiyo. Mimea nayo hujitengenezea kemikali nyingi za kujikinga, na flavonoidi ni kundi moja kati ya hizo.

Watafiti wanapopima jani, hulisaga, hulikamua, kisha huchanganya maji yake na dawa ya rangi ya zambarau inayoitwa DPPH. Rangi ikififia na kuwa ya njano, wanasema jani lina nguvu ya antioksidanti. Lakini ile chupa haina tumbo wala koo la mtoto. Jani linaweza kushinda katika chupa na bado likawa sumu mdomoni.

Tuangalie maua tuliyo nayo nyumbani.

Difenbakia: ndani yake mna vijisindano vidogo sana vya kalsiamu oksalati. Mtoto akilitafuna, mdomo unawaka na ulimi unavimba. Jina lake moja la Kifaransa maana yake ni fimbo ya bubu, kwa kuwa aliyelitafuna anaweza kushindwa kusema kwa muda.

Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama panga: asili yake ni Afrika, hata hapa Kongo. Ina saponini, ambazo zikiliwa huleta kutapika na kuhara.

Alovera: ute mweupe wa katikati unapakwa kwenye ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kuipoza kwa maji safi. Lakini utomvu wa njano ulio chini ya ganda una aloini, inayoharisha sana. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha, na mtoto wasiunywe.

Mchaichai, ambao wengine tunauita sitroneli: huu ndio wa kunywa. Majani yake yana sitrali, inayoleta ile harufu ya limao, pamoja na antioksidanti.

Mtoto akitafuna difenbakia, mtoe vipande mdomoni, mpanguse kwa kitambaa safi chenye maji, umnyweshe maji baridi kidogo kidogo kama anameza vizuri. Usimtapishe. Nawa mikono kabla ya kumgusa macho. Akivimba koo, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, kimbia kituo cha afya mara moja, ukibeba jani lenyewe.

Na antioksidanti za watoto tuzitafute wapi? Ziko sokoni, kwa bei yetu. Lenga-lenga, mapera, maracuja, machungwa, nyanya. Mafuta mekundu ya mawese yana karotini nyingi na vitamini E. Tusiyachome mpaka yawe meupe, maana karotini inaharibika. Sombe nayo ni nzuri, lakini itwangwe vizuri na kuiva kabisa, kwa sababu ikiwa mbichi ina sumu.

Hatusemi mtupe maua yenu. Yanapamba nyumba na kufurahisha wageni. Juma hili tuzunguke kila mmoja nyumbani kwake, tupandishe difenbakia juu ambapo mtoto anayetambaa hafiki, na tuwaeleze wakubwa wake.

Mwenye ua asilolijua, alete jani moja ndani ya sashe siku ya mkutano. Tutaliangalia pamoja.