Kufuatilia Ukinzani wa Umeme wa Zege kwa Vihisi Vilivyozamishwa: Ufasiri wa Vipimo Bukoba na Muleba

Utafiti mwingi kuhusu ukinzani mahususi wa umeme wa zege ulichochewa na miundo ya baharini na madaraja yanayomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Makala haya yanafafanua kwa nini ufasiri uliozoeleka huko hauwezi kuhamishiwa Kagera bila marekebisho.

Zege hupitisha umeme kupitia ayoni zilizomo katika maji ya vinyweleo vyake. Likilowa, ukinzani hushuka, likikauka, hupanda. Kwa saruji ya kawaida, mwongozo unaotumika sana huhesabu ukinzani ulio chini ya omu-mita 100 kuwa dalili ya hatari kubwa ya kutu, na uliozidi 1,000 kuwa dalili ya hatari ndogo mno. Hata hivyo, hatari hiyo huhusu nondo zilizokwisha kupoteza kinga. Kuhusu kinga yenyewe kipimo hakisemi lolote.

Dar es Salaam na Zanzibar, kinga hiyo huvunjwa hasa na kloridi ya bahari. Ziwa Viktoria ni la maji baridi. Kwa hiyo Bukoba mjini, au katika kisiwa cha Bumbire wilayani Muleba, kinachotarajiwa zaidi ni hewa ya ukaa, ambayo hupenya zege na kupunguza ualikali wake. Katika zege la saruji ya kawaida, kaboneti inayotokea huziba vinyweleo, na ukinzani hupanda wakati uleule kinga inapotoweka. Msomaji anayeridhika kwa kuona tarakimu zikipanda amepotoshwa. Nguzo iliyo chini ya paa, isiyolowa, ndiyo inayoweza kudanganya zaidi: hewa ya ukaa huipenya upesi, kisha paa likivuja kutu huanza.

Kihisi cha kawaida huwa na elektrodi nne zilizopangwa katika mstari kwa nafasi sawa, kwa mpangilio aliouelezea Frank Wenner mwaka 1915. Mkondo geu hupitishwa katika zile za nje na volti husomwa katika zile za ndani. Juu ya uso wa zege, kizidishi ni 2πa, ambapo a ni nafasi kati ya elektrodi. Kina kikiwa kikubwa, hukaribia 4πa. Kihisi cha karibu na uso huwa kati ya hizo mbili, hivyo sharti kisawazishwe kwa sampuli yenye ukinzani unaojulikana. Kiwekwe mbali na nondo, kwani chuma huvuta mkondo. Kipimajoto nacho ni cha lazima: nyuzi moja ya Selsiasi hubadili ukinzani kwa takriban asilimia 3 hadi 5.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliongeza swali la nyufa. Vihisi viwili, kimoja katika kina cha milimita 20 na kingine 40, husaidia hapa. Katika zege zima, mvua ya masika hugusa kile cha juu kwanza, na cha chini huitikia polepole. Vikishuka karibu kwa pamoja, ufa unashukiwa.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, kihisi huingizwa kwa kutoboa, na kijazio cha tundu huwa na ukinzani wake chenyewe. Hapo thamani halisi isitegemewe. Mwenendo wa mabadiliko baada ya kijazio kukomaa ndio usomwe.