Pesa Imefika, Salamu Je?

Kwetu Kitangari tulizoea bahasha. Baba yuko Dar, anampa dereva wa basi pesa ya matumizi, na ndani kaweka barua ya mkewe. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Bahasha kwishnei! Tukazoea, tukataka zaidi: kufikia 2016 hata mitandao tofauti ilikuwa inatumiana pesa. Ndiyo maana teknolojia haitulii. Ikituondolea shida moja, tunaidai iondoe na nyingine.

Ila mimi naona kitu kimoja kimepotea njiani. Muamala unafika kwa sekunde, barua haimo. Leo ukishatuma ya matumizi, mpigie mwenzako muongee. Kubipu hapana!